Karatasi ya mtu, karatasi ya muhumbahumba

Maneno haya yalisemwa katika mkutano mkuu wa wanachama, Nyangezi, mwaka 2024, na mwanachama anayesaidia komite kwa mambo ya sheria. Yalitangulia kura juu ya ofa ya maganda. Tumeyaacha jinsi yalivyosemwa, tumepunguza tu marudio.

Jambo sana ndugu zangu. Jambo ba mama, jambo ba papa, jambo vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha. Na ninyi wafadhili wetu mtakaosoma haya katika gazeti letu, karibuni.

Komite iliniomba niseme juu ya ile ofa. Wengi mumeisikia tayari. Mnunuzi mmoja kutoka mjini anataka chama chetu kikusanye maganda ya muhumbahumba, kiyakaushe, kiyafunge kwenye magunia. Yeye atakuja na gari. Analipa kwa kilo, franga mkononi. Anaomba mambo mawili tu: magunia yalale ku depo yetu, na katika kitabu chake yaandikwe jina la chama. Nilipomuuliza karatasi za kusafirisha ziko wapi, alijibu: "Papa, hilo muniachie miye."

Najua mfuko wetu ukoje. Mwaka huu umelipa maziko, umelipa hospitali, umesaidia minerval ya watoto, na sasa umebaki mwepesi. Basi sitamlaumu mtu aliyekuja hapa akiwa tayari kunyoosha mkono na kusema ndiyo. Ninaomba tu asikilize kwanza, kwa sababu ganda hili lina sheria, na sheria hiyo haiishii Bukavu.

Kuna mkataba wa dunia unaoitwa CITES. Ni mkataba juu ya biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Ulitiwa sahihi Washington tarehe 3 Machi 1973, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 1975. Nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, iliingia mwaka 1976. Leo nchi zaidi ya 180 zimo. Majirani tuliokimbilia kwao wamo pia: Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda, Zambia.

Mkataba huu hauulizi nani amewinda nini kwenye kilima chake. Hayo ni ya sheria za kila nchi, na sisi tunazo: sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, na sheria ya kuhifadhi viumbe vya asili ya tarehe 11 Februari 2014, yenye kifungo cha miaka na faini ya mamilioni ya franga. CITES yenyewe inaangalia kitu kimoja: kuvuka mpaka. Na ili ifanye kazi ndani ya Kongo, waziri alitoa amri yake tarehe 28 Machi 2000.

Viumbe vimepangwa kwenye orodha tatu. Orodha ya kwanza ni ya wale walio karibu kumalizika. Hao hawauzwi ng'ambo wakitolewa porini, basi. Orodha ya pili ni ya wale wanaoweza kuuzwa, lakini kwa permi, na kwa kiasi kisichowamaliza. Orodha ya tatu ni ya wale ambao nchi moja imeomba wenzake wasaidie kuwachunga. Gorila wa kwetu yuko kwenye ya kwanza, na sokwe, na tembo wa Kongo. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na kakakuona, yule mnyama wa magamba anayejikunja kama mpira, walipandishwa kwenye ya kwanza katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, ikaanza kushika Januari 2017. Muhumbahumba uko kwenye ya pili tangu 1995.

Sasa mtu atasema: karatasi, karatasi, kila siku karatasi! Lakini kama kuna watu duniani wanaoelewa karatasi, ni sisi. Aliyekuwa Nyarugusu anajua: bila karata ya rasho hupewi unga, hata kama anayegawa anakujua kwa sura na anaona tumbo lako ni tupu. Aliyekuwa Gasorwe au Nakivale anajua hivyo hivyo. Siku ya kurudi ulisaini fomu kwamba unarudi kwa hiari yako, na majina ya watoto yakawekwa mule. Mtoto aliyesahauliwa kwenye fomu, mama yake alilia mpakani.

Karatasi ya mtu inajibu maswali matatu. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Nani amekuruhusu upite? Permi ya CITES inajibu hayo matatu kwa gunia la maganda, na inaongeza la nne: kukitoa hiki porini, je, kumeharibu wenzake waliobaki? Ndiyo maana ofisi moja tu haitoshi. Inatakiwa mamlaka inayotoa permi, ambayo kwetu iko ku ICCN, na inatakiwa wataalamu wa sayansi waseme kwanza kwamba msitu unaweza kuvumilia. Ganda lisilo na majibu hayo manne ni kama mtu aliyepita barieri usiku. Anaweza kufika, lakini popote atakaposimamishwa, atakuwa mkosaji.

Niseme kidogo juu ya mpaka, kwa sababu mpaka wetu uko karibu kuliko tunavyofikiri. Sisi wa Nyangezi tunaijua barabara ya Ngomo, na tunajua pia kwa nini madereva wengi wa Bukavu kwenda Uvira wanaiogopa. Wanavuka Ruzizi mjini, wanashuka kwa lami ya Rwanda mpaka Bugarama, wanavuka tena Kamanyola. Kwako wewe ni safari ya Uvira tu, unaenda kumuona shangazi. Lakini kasuku uliyemweka kwenye kikapu ametoka Kongo, ameingia Rwanda, ametoka Rwanda, amerudi Kongo. Mara mbili amevuka mpaka wa dunia, bila kitu mkononi. Mkataba una nafasi ndogo kwa vitu vya mtu binafsi na vya nyumbani, lakini nafasi hiyo si ya mnyama aliye hai, na mtu wa dwani hatakaa akusikilize ukimweleza kwamba ulikuwa unaenda kwa shangazi.

Na hata yule asiyevuka asijidanganye. Mtoto wa sokwe hauzwi barabarani kama sungura. Ili wamchukue mikononi mwa mama yake, wamemuua mama, na mara nyingi na wengine waliokuja kumtetea. Kule Lwiro, katika kituo kilichoanzishwa 2002, kuna sokwe na nyani wengi yatima waliokamatwa kwa wauzaji. Kila mmoja ana hadithi hiyo nyuma yake.

Sasa nitawapeleka kidogo Bujumbura, na mtaona kwa nini. Miaka ya 1980 Burundi ilikuwa soko kubwa la pembe za tembo. Tani na tani zilitoka Bujumbura kwenda Asia. Lakini tuulizane: tembo wa Burundi walikuwa wapi? Hawakuwapo. Pembe zilitoka kwetu Zaire, zilitoka Tanzania, zilitoka Zambia, zikavuka ziwa na barabara, na zikifika Bujumbura zilipata uraia. Burundi wakati ule ilikuwa haijaingia CITES, iliingia 1988. Halafu katikati ya miaka hiyo ya 1980, mkataba ulipoweka mpango mpya wa kuandikisha pembe, akiba kubwa zilizolala Burundi na Singapore zikaandikishwa zikawa halali. Pembe ya wizi ikalala usiku bila karatasi, ikaamka asubuhi na karatasi. Waliokuwa nazo walitajirika mara moja.

Mwisho wake tunaujua. Oktoba 1989, kule Lausanne, tembo wa Afrika alipandishwa orodha ya kwanza, na biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ikafungwa. Lakini kufunga soko hakukuondoa bunduki. Vita vilipokuja kwetu, tembo wa upande wa milima wa Kahuzi-Biega, waliokuwa mamia, walimalizika karibu wote kabla ya mwaka 2000 kuisha. Gorila wa upande huo huo walihesabiwa karibu 250 mwaka 1996. Mwaka 2000 walihesabiwa kama 130. Na tayari mwaka 1993 walikuwa wamemuua Maheshe, yule gorila mzee ambaye picha yake ilikuwa juu ya noti ya zaire. Baba mmoja aliniambia: "Sura iko kwenye franga, mwenyewe wamemuua juu ya franga."

Hadithi ya Bujumbura inafundisha nini? Kwamba mwizi wa porini hahitaji tu bunduki au panga. Anahitaji mahali ambapo kitu chake kitapata jina jipya. Na hapo ndipo narudi kwenye magunia yetu.

Muhumbahumba wote mnaujua. Wazee wetu walichemsha ganda lake kwa ugonjwa wa tumbo na mengine. Wazungu waligundua kwamba linasaidia wanaume wazee wanaosumbuliwa na prostati, wale wanaoamka mara tano usiku. Ba papa wengine hapa wananielewa vizuri! Tangu miaka ya 1960 wanalitengeneza kuwa dawa huko Ulaya. Kwa hiyo ganda linatoka Kamerun, linatoka Kongo, zaidi upande wa Beni na Lubero, na linauzwa mbali kwa bei ambayo mkataji wake hataiona.

Mti huu ni mpole. Ukiuvua kwa akili, unajivika tena. Wanaofundisha kazi hii wanasema: chagua mti ulio mnene, sentimita 30 au zaidi kutoka upande huu hadi ule. Toa robo moja ya ganda, na robo nyingine inayotazamana nayo. Robo mbili ziache. Usikwaruze ile ngozi laini iliyo ndani. Kisha uuache mti upumzike miaka mingi. Lakini mtu mwenye haraka anauzungushia panga mti mzima, au anauangusha kabisa apate na ganda la matawi. Analipwa mara moja, na hakuna atakayelipwa tena.

Basi niwaulize. Mimi nimepita kwenye vilima vyetu, na ninyi mnapita kila siku. Tunaona mikaliptusi, migomba, mihogo, maharagwe. Muhumbahumba uko wapi? Mmoja kwenye kiwanja cha parokia, miwili juu ya mto, mwingine nyuma ya nyumba ya mzee. Mnunuzi anasema anataka gari lijae kila mwezi. Miti ya Nyangezi yote ukiivua mpaka mizizi, gari halijai hata mara moja.

Maana yake, maganda yatatoka mahali pengine. Misitu ya milimani ambako mti huu bado uko ni Kahuzi-Biega, ni Itombwe, ni juu kule Kalehe. Yatateremka usiku, yatalala ku depo yetu, na asubuhi yataitwa "maganda ya warudiwa wa Nyangezi". Burundi haikuwa na tembo lakini iliuza pembe. Sisi hatuna muhumbahumba lakini tutauza maganda. Anachonunua mtu huyu kwetu si ganda, ndugu zangu. Ananunua jina letu.

Na jina letu ndiyo mali pekee tuliyorudi nayo. Tulirudi bila mashamba, wengine bila nyumba, na mbele ya shefu wa kijiji, mbele ya HCR, mbele ya wafadhili, tulichoonyesha kilikuwa jina la chama na kitabu cha hesabu kilicho safi. Gari likikamatwa Kamanyola au Mombasa, mnunuzi atakuwa na simu ya kumpigia mtu. Sisi tutakuwa na depo, na muhuri.

Sitaki mufikiri kwamba nawaeleza sheria kana kwamba ofisi zote ni safi. Mwezi wa 8 mwaka 2023, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba imewanyima viza wakubwa watatu wa Kongo waliohusika na uhifadhi na ofisi ya CITES, ikisema kwamba kwa permi za uongo na rushwa walisafirisha sokwe, gorila, okapi na wanyama wengine, zaidi kwenda China. Hayo ni maneno ya serikali ya Marekani, si hukumu ya tribinali ya hapa. Lakini yanatuonyesha jambo: karatasi yenyewe inaweza kusema uongo. Kwa hiyo haitoshi mnunuzi kutuonyesha karatasi yenye muhuri mwekundu. Lazima karatasi ikubaliane na ganda: imetoka msitu gani, miti mingapi, nani amekata, kilo ngapi.

Kuna swali ambalo mama mmoja aliniuliza wiki iliyopita, na sitaki kulikimbia. Alisema: "Wakati siye tulikuwa tunakimbia na watoto mugongoni, nani alituweka kwenye orodha ya kwanza?" Sina jibu la kumfurahisha. Ni kweli kwamba mara nyingi mnyama amepata mlinzi mwenye bunduki na mtu hakupata. Batwa walitolewa ndani ya Kahuzi-Biega miaka ya 1970 ili parke iwe parke, na uchungu huo haujaisha mpaka leo. Mtu akisema uhifadhi umewahi kuwaonea maskini, anasema kweli.

Lakini angalia vizuri nani anafaidika mti ukiangushwa. Mkataji analipwa pesa ya unga wa siku mbili. Mbebaji analipwa chini ya hapo. Siku ya kesi, ni hao wawili wanaoenda gerezani, kwa sababu ndio waliokutwa na gunia. Sheria ikiwa ya maneno tu, maskini anapoteza mara mbili: anapoteza msitu, anapoteza na uhuru wake. Mimi sitetei mti ili niwasahau watu. Nasema tusikubali kuwa mkono unaokamatwa.

Basi komite inaleta mbele yenu mapendekezo manne.

La kwanza: tukatae ofa hii jinsi ilivyo. Hakuna gunia ku depo yetu, hakuna jina letu kwenye kitabu cha mtu. Akirudi na ruhusa ya kununua kutoka ofisi ya mazingira ya provense, na permi ya ICCN ambayo tumeenda wenyewe kuiuliza kule ilikotoka, na mkataba ulioandikwa na kusomwa hapa kwa Kiswahili na Mashi, tutamsikiliza kama mtu mwingine yeyote.

La pili: tupande. Muhumbahumba unakubali urefu wa milima yetu. Tufanye pepinieri, kila mwanachama aliye na kipande apande miche michache mpakani mwa shamba, pale ambapo haitanyima maharagwe jua. Ganda linachukua miaka 12 hadi 15 kabla ya kuvunwa vizuri, basi wazee wengine hapa hatutaliuza. Watoto wataliuza. Na mti uliopandwa nao unaomba karatasi ukivuka mpaka, lakini wenyewe una majibu: umepandwa na nani, lini, shamba la nani. Kwa hiyo tuanze kitabu cha miti leo, kila mche na tarehe yake na shahidi wake, kama tunavyoandika michango.

La tatu: kila mwanachama anayesafiri, hasa anayepita Rwanda au kurudi Tanzania kuona ndugu waliobaki, asibebe kasuku, ngozi, pembe, magamba ya kakakuona, bangili ya pembe ya bibi, hata kama ni zawadi. Akimkuta mtu ana mtoto wa sokwe, asimnunue hata kwa huruma, maana ukinunua mmoja umeagiza mwingine. Aambie komite, komite itaambia ICCN au Lwiro.

La nne ni kwa wafadhili wetu. Leo tunakataa pesa ambazo tungezipata wiki ijayo. Hatujifanyi kwamba hazikuwa na kazi: kuna mama anayesubiri kutoka hospitali, anazuiliwa na deni. Tunaomba mtusaidie kwa mbegu na mifuko ya pepinieri, kwa nauli ya kwenda kuuliza karatasi kwenye ofisi, na kwa mfuko wa maziko na ugonjwa, ili mtu wetu akilemewa asipande kwenye msitu wa watu na panga. Mkifanya hivyo, mtakuwa mmechunga watu na miti kwa mara moja.

Nimemaliza. Anayepinga aseme sasa, tuna saa nzima, na hakuna atakayekatwa maneno. Kisha tutapiga kura kwa mikono. Aksanti sana.

Baada ya majadiliano marefu, mkutano ulikubali mapendekezo yote manne. Kwa pendekezo la kwanza wanachama kadhaa hawakunyoosha mkono, na komite imeahidi kuwasikiliza juu ya deni zao za hospitali kabla ya mkutano ujao. Kitabu cha miti kimefunguliwa; anayetaka miche ajiandikishe kwa mwandishi wa chama.